Nyanya zinazowahi kuiva: Bwana Shamba anajibu maswali yenu

Safari hii nimeamua ukurasa wote uwe wa nyanya, maana barua na meseji zilizoingia karibu zote zinauliza kitu kimoja kwa maneno tofauti, yaani nifanyeje nyanya za hapa nyumbani ziwahi kuiva. Nianze kwa kusema wazi msimamo wangu kabla hata ya maswali: nyanya kuwahi kunatokana na mbegu uliyochagua, mche uliouandaa na joto la mahali ulipopanda, mbolea iko nyuma ya hivyo vyote. Wengi mnaoniandikia mmeanzia kwenye mbolea na ndo hapo mambo yanapoharibika. Haya twende kwenye maswali.

Shikamoo Bwana Shamba. Pakiti ya mbegu imeandikwa siku 55. Nimesia mwenyewe, tarehe nikaiandika kwenye kalenda, leo ni siku ya 82 na nyanya bado kijani tupu hata dalili ya kubadilika hakuna. Je nimeuziwa mbegu feki?
*Niliyechoka kusubiri*

Marahaba. Hapana, hujauziwa feki, ila hesabu umeanzia mahali sipo. Zile siku zinazoandikwa kwenye pakiti ya nyanya mara nyingi zinahesabiwa kuanzia siku unayohamisha mche kutoka kwenye kitalu kwenda bustanini hadi tunda la kwanza kuiva, hazihesabiwi tangu siku ya kusia. Mche unakaa kwenye trei au kitalu wiki 5 mpaka 7, kwa hiyo 55 ukiongeza kama siku 42 za kitaluni unapata 97, na wewe uko siku ya 82, uko ndani ya ratiba kabisa wala usiwaze. Halafu hata hiyo 55 ni makadirio ya hali ya hewa nzuri, baridi ikikaza au jua likipotea wiki nzima mmea unapunguza mwendo na siku zinasogea mbele.

Kwa kawaida nyanya inaitwa ya mapema ikiwa ina siku 50 mpaka 60 hivi, za kati ni kama 65 mpaka 80, zaidi ya hapo ni za kuchelewa. Sasa ukitaka kuokoa siku, usizitafute huko mwisho wakati matunda yameshaning'inia, zitafute kitaluni. Angalia mbegu tu: kwenye udongo wa nyuzi 25 mbegu ya nyanya inachomoza kwa siku kama 6, kwenye nyuzi 15 inachukua kama wiki 2, na kwenye nyuzi 10 inaweza kukaa wiki 6 ndo uone kitu, na nyingi zinaozea humo humo. Mbegu ni ile ile, udongo ni ule ule, tofauti ni joto basi. Kwa hiyo trei iweke mahali penye joto, funika juu na plastiki angavu mpaka zichomoze, fukia mbegu nusu sentimita au hata sentimita moja isizidi, na ukiona tu vichwa vya kijani toa plastiki haraka uipeleke kwenye mwanga mwingi. Hapa watu wengi wanakosea, wanaiacha kwenye joto bila mwanga wa kutosha, miche inarefuka na kupauka, shina linakuwa jembamba halafu inalala. Mche mzuri wa kuhamisha ni mfupi, shina nene kama penseli, majani ya kijani iliyokolea, bado haujaanza kutoa maua. Ukiwa umeshatoa maua ukiwa bado kwenye kikopo kidogo watu wanafurahi wakidhani wamewahi, kumbe mizizi imejisokota humo ndani na ukiuhamisha unadumaa, nyanya moja mbili halafu unasimama. Hayo maua ya kwanza yatoe, uache mche ushike ardhi kwanza.

Kabla ya kuhamisha uzoeshe nje kwa wiki moja au siku 10, siku ya kwanza saa chache kivulini, kesho yake ongeza, mpaka uweze kukaa juani kutwa. Siku ya kuhamisha fukia shina lote mpaka karibu na majani ya juu, toa yale majani ya chini kwanza, maana shina la nyanya linatoa mizizi popote linapogusa udongo wenye unyevu. Kama udongo wa chini ni wa baridi usichimbe shimo refu, chimba kamfereji kafupi ulaze mche ubavu, kichwa kibaki juu, chenyewe kitasimama baada ya muda mfupi.

Na usihamishe kwenye udongo wa baridi kwa kutaka kuwahi. Chini ya nyuzi 15 mche unakaa tu, haukui, ukigeuza jani unaona kwa nyuma limeingia rangi ya zambarau kwenye vishipa, hiyo mara nyingi ni kwamba mizizi imeshindwa kunyonya fosforasi kwenye baridi hata kama fosforasi ipo udongoni. Mwenzako akihamisha baadaye kidogo udongo ukiwa umepata moto atakukuta na anaweza hata kukupita. Ukitaka kuupasha udongo tandaza plastiki nyeusi wiki moja au mbili kabla, kisha toboa matundu upande hapo hapo.

Kaka habari, nina kieneo kidogo sana, ndoo kadhaa na kipande cha ukuta kinachopigwa na jua mchana. Nataka nyanya za mapema lakini nisile maji matupu. Nichague aina gani?
*Mama wa ndoo*

Nzuri dada, na ukuta wako ni mali hasa kama uko sehemu yenye usiku wa baridi, unanyonya joto mchana na kulitoa usiku, ndoo zisogeze karibu nao. Hakikisha tu hapo panapata jua saa 6 mpaka 8 kwa siku, chini ya hapo hata aina ya mapema inageuka ya kuchelewa.

Kwenye aina, kanuni ya kwanza ni ukubwa wa tunda. Nyanya ndogo zinaiva kabla ya kubwa, kwa sababu tunda dogo linajaa mapema. Yale manyanya makubwa ya gramu 400 na kitu huwezi kuyapata mapema hata ufanye nini, kwa hiyo kama lengo ni kuwahi achana nayo. Kanuni ya pili ni umbo la mmea. Kuna fupi, zinafika kimo chao zinasimama, zinatoa maua karibu kwa pamoja na kuiva kwa pamoja, na kuna ndefu ambazo zinaendelea kupanda na kuzaa mpaka hali ya hewa au ugonjwa uzikomeshe. Za ndoo mara nyingi ni fupi, ila ndefu pia inakaa kwenye ndoo ya lita 20 ukiiwekea mti wa kuegemea.

Majina sasa. Stupice ilitokea Czechoslovakia ya zamani, ni ndefu, nyanya zake ndogo kiasi, inavumilia baridi na ladha yake kwa kweli ni nzuri kuliko nyingi za mapema, mimi ningeanza na hiyo. Glacier ni fupi zaidi na inawahi sana. Sub-Arctic Plenty ilitengenezwa Kanada kwa ajili ya maeneo yenye msimu mfupi, mmea mdogo, matunda mengi kwa mkupuo, ladha ya kawaida tu. Early Girl ni chotara, tunda la ukubwa wa kati, kama unataka nyanya ya kukata vipande na sio ya kudokoa hiyo inafaa. Sungold nayo ni chotara, ndogondogo, tamu sana, lakini jamani Sungold ikiiva inakuwa ya chungwa haiwi nyekundu, watu wanaisubiri iwe nyekundu mpaka inapasuka juu ya mti. Halafu kuna Oregon Spring na Siletz zilizotoka Chuo Kikuu cha Oregon State huko Marekani, hizi zina uwezo wa kufunga tunda hata ua lisipochavushwa vizuri, kwa hiyo usiku ukiwa wa baridi ambapo aina nyingine zinamwaga maua zenyewe bado zinafunga, na yale matunda ya mwanzo mara nyingi yanakuwa na mbegu chache sana au hayana kabisa.

Kuhusu maji matupu uko sahihi kuogopa. Aina nyingi za mapema zina majani machache, na sukari ya tunda inatoka kwenye majani, kwa hiyo haraka ina gharama yake kwenye utamu. Ushauri wangu usipande aina moja, weka ndoo mbili za fupi ya mapema uanze kula, na moja ya Stupice au Sungold ya kuendelea nayo. Na ukiona matunda yameshaanza kubadilika rangi punguza maji kidogo, usiuache mmea unyauke lakini usiumwagilie kila ukipita, ladha inakolea.

Mkuu nyanya zangu zimestawi balaa, majani mazito ya kijani kibichi mpaka majirani wanasimama kuangalia, lakini maua ya kuhesabu na matunda hakuna. Niliweka samadi ya kuku ndoo nzima kila shimo na kila wiki naongeza urea. Niongeze nini tena?
*Mwenye majani*

Usiongeze kitu, acha kabisa. Naitrojeni imezidi, samadi ya kuku peke yake inayo nyingi na urea ni naitrojeni tupu, mmea ukiishapata hivyo unaona hauna sababu ya kuzaa, unaendelea kutoa majani na matawi. Kuozesha samadi vizuri na kuweka kiasi cha koleo moja kwa shimo kungetosha, ukachanganya na mboji. Sasa hivi simamisha urea, mwagilia kawaida, na kama aina yako ni ndefu ng'oa machipukizi yanayotoka kwapani, pale jani linapokutana na shina, yakiwa bado madogo ya kuvunjika kwa vidole. Baki na shina moja au mawili. Mmea wa shina moja unakupa matunda machache kwa jumla lakini ya kwanza yanawahi. Kama aina yako ni fupi usiondoe machipukizi, kwenye fupi hayo ndo yanayobeba matunda, ukiyatoa umeondoa mavuno.

Maua yakianza kuja mpe mbolea yenye potasiamu zaidi kuliko naitrojeni, kidogo kidogo.

Maua yapo mengi ila yanadondoka, unakuta kikonyo kimegeuka njano pale kwenye kifundo halafu ua limekatika. Ni ugonjwa?
*Bila jina*

Mara nyingi sio ugonjwa, ni joto. Usiku ukishuka chini ya nyuzi 13 au mchana ukipanda juu ya 32 chavua haifanyi kazi vizuri, ua linakosa kuchavushwa na mmea unalitupa, pale pale kwenye kifundo ulichokiona. Kukauka sana kwa udongo nako kunafanya hivyo, na naitrojeni nyingi kama ya mwenzako hapo juu.

Unachoweza kusaidia ni kutikisa. Ua la nyanya lina dume na jike ndani yake, halihitaji chavua ya mmea mwingine, linahitaji mtikisiko tu chavua imwagike, kazi ambayo nje inafanywa na upepo na nyuki wanaovuma wakiwa wameling'ang'ania. Kama mimea iko kibarazani au ndani ya banda la plastiki ambako upepo haufiki, pita asubuhi hadi saa sita mchana umande ukiwa umekauka, gonga kichala cha maua kwa kidole au shika mti wa kuegemea uutikise. Kuna wanaotumia mswaki wa betri, wanaugusisha nyuma ya kichala sekunde chache, unaona vumbi la njano linatoka, inafanya kazi vizuri kabisa. Ua lililoshika utalijua, petali zinakauka na kurudi nyuma, kikonyo kinanenepa na ndani kanaonekana kanyanya ka kijani kadogo kama kichwa cha kiberiti. Kuanzia hapo hesabu wiki 6 mpaka 8 kwa nyanya ya kati, zile ndogo zinatangulia.

Nilisikia ukitoa majani yote jua linapiga matunda moja kwa moja yanaiva haraka. Nimetoa karibu yote, sasa naona matunda yana mabaka meupe upande wa juu yamekuwa laini. Nisaidie.
*Nimekata*

Pole sana. Ushauri huo unazunguka sana na naomba wote mnaosoma msiufuate. Tunda la nyanya haliivi kwa kupigwa na jua, linaiva kwa joto la hewa na kwa gesi ya ethilini ambayo lenyewe linaitengeneza ndani, ndo maana nyanya iliyokwisha komaa ukiiweka kabatini gizani inaiva vizuri tu. Jani ndo jiko linalopika sukari inayoingia kwenye tunda, ukitoa majani yote umebaki na matunda ambayo hakuna wa kuyalisha, yataiva lakini chachu na bila ladha. Na hayo mabaka meupe ni kuungua na jua, ngozi iliyozoea kivuli cha majani imepigwa ghafla, baadae hapo panakauka kama karatasi na kuvu inaingia.

Kwa sasa tundika kitambaa chepesi au wavu wa kivuli upande wa jua kali la mchana, matunda yaliyoungua vibaya yatoe, na machipukizi mapya usiyaguse yakue yawe majani. Siku nyingine toa tu majani ya chini yanayogusa udongo, na yale yaliyozeeka kuwa njano chini ya kichala ambacho kimeshaanza kuiva. Hayo ya chini nakubaliana nayo kabisa maana maji yanaporuka kutoka udongoni yanabeba vimelea vya bakajani, na kwa sababu hiyo hiyo weka matandazo ya nyasi kavu na mwagilia shinani usimwagilie juu ya majani.

Kama shida yako ni msimu unaisha na mmea ni wa aina ndefu, cha kukata ni kilele. Mwezi mmoja hivi kabla ya baridi au mvua kubwa kuingia kata ncha ya juu, acha majani mawili juu ya kichala cha mwisho, na maua yote mapya yatoe kwa sababu hayatawahi. Nguvu inarudi kwenye matunda yaliyopo.

Bwana Shamba sisi huku ni joto kali kweli, nyanya zinakua mpaka saizi yake halafu zinagoma, zikibadilika zinakuwa za njano chungwa badala ya nyekundu. Nifanyeje ziive?
*Wa jotoni*

Hapa wewe una tatizo la joto kuzidi. Rangi nyekundu ya nyanya inatengenezwa vizuri kati ya nyuzi 20 na 25 hivi, ikipita 30 mmea karibu unaacha kuitengeneza huku ile ya njano inaendelea, ndo unapata hiyo chungwa. Kwa hiyo usisubirie mtini. Vuna ikianza tu kubadilika, yaani unapoona kitako kimepoteza ukijani na kuingia kaweupe kenye wekundu kidogo, hapo nyanya imeshapata karibu kila ilichokuwa inapata kutoka kwenye mmea, itaivia ndani bila kupoteza utamu wa maana, na utakuwa umeiokoa na ndege, na kupasuka, na wadudu pia.

Iweke ndani mahali penye ubaridi wa kawaida, kikonyo kikiangalia chini, zisigusane. Ukitaka ziende mbio zaidi tia kwenye mfuko wa karatasi pamoja na ndizi mbivu moja, ndizi inatoa ethilini nyingi, na chungulia kila siku uondoe iliyooza. Mfuko wa plastiki hapana, unyevu unakaa zinaota ukungu. Friji pia hapana kwa nyanya ambayo haijaiva, chini ya nyuzi 10 inaacha kuiva na hata ukiitoa haitakaa sawa.

Kujua kama nyanya ya kijani imekomaa au bado, chukua moja uikate katikati kwa kisu kikali. Kama kisu kimekata mbegu vipande, bado changa, hizo hata uweke ndizi mkungu mzima hazitaiva vizuri. Kama mbegu zimeteleza zikakikwepa kisu na zimezungukwa na ute, zimekomaa, zilizo sawa na hiyo kwa ukubwa na mng'ao unaweza kuvuna.

Nyanya zangu za kwanza kabisa zinaiva mapema kuliko zote ila chini kuna duara jeusi limebonyea. Dawa ipi nipulizie?
*Msomaji wa siku zote*

Usipulize dawa, huko ni kuoza kitako na sio kuvu wala mdudu. Tunda limekosa kalsiamu wakati linakua, na mara nyingi kalsiamu udongoni ipo ila maji yamekuwa ya kupanda na kushuka, leo umemwaga ndoo kesho kutwa udongo umepasuka, na kalsiamu inasafiri na maji. Vichala vya kwanza vinapata sana hii shida, zaidi kwenye ndoo. Zinawahi kuiva kwa sababu tunda lililoumia linatoa ethilini mapema, sio sifa hiyo. Zitoe, mwagilia kiasi kile kile kwa mpangilio, weka matandazo, punguza naitrojeni, vichala vinavyofuata kwa kawaida vinakuja vizima.

Nimepata mmea mmoja umewahi wenzake wote. Naweza kutunza mbegu zake?
*Mpenda mbegu*

Inategemea. Kama pakiti iliandikwa F1 ni chotara, mbegu zake zitaota ila watoto watakuja mchanganyiko, wengine watawahi wengine hapana, usizitegemee. Kama sio chotara tunza, na chukua tunda zuri la kichala cha kwanza kutoka kwenye huo huo mmea uliowahi, mmea usio na jani hata moja lenye alama za virusi. Acha liive kupitiliza, kamua mbegu na ute wake kwenye glasi, ongeza maji kidogo, iache siku 2 au 3 ichachuke na kutoa kautando juu, harufu yake ni kali iweke mbali na jikoni. Huo uchachu ndo unaoondoa ute unaozuia mbegu kuota. Kisha ongeza maji mengi, zinazoelea mwaga, zilizozama osha kwenye chujio, anika kivulini juu ya sahani na sio juu ya karatasi maana zitaganda hazitoki. Zikikauka zikawa zinateleza mkononi zenyewe kwa zenyewe tia kwenye bahasha, andika jina la aina na mwaka, na tarehe ile nyanya ya kwanza ilipoiva, hiyo tarehe ndo utailinganisha na msimu ujao.